Nyumba Isiyo na Chungu

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko huu. Herufi zangu zimelala upande, na pengine nimekosea maneno. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo mkono wangu umezoea kusuka ukili kuliko kushika kalamu. Naandika polepole, ukurasa mmoja mchana mzima. Nikishaliandika neno hulitazama kwanza, nione kama limesema nilichotaka. Mkishindwa kusoma mahali, rukeni, mtanikuta mbele.

Sitataja jina la kijiji chetu wala la mtu. Hakuna siri kubwa. Ila kwetu mtu akisikia jina lake limeandikwa mahali, huuliza kwanza ni nani aliyeliandika, halafu ni kwa nini. Inatosha mjue kwamba tuko kisiwa cha Pate. Ofisi za serikali ziko Faza, na kwenda huko ni bodaboda juu ya mchanga, au boti maji yakijaa.

Ninayotaka kuieleza ni nyumba ya dada yangu. Imeshikana ukuta na nyumba ya mama, na nyuma yake kuna ua mmoja ambao sote twautumia. Mama alianza kuijenga dada akiwa bado anapikia vifuu mchangani. Mwaka huu anapata mawe, mwaka ule anapata chokaa, mwaka mwingine hapati kitu na ukuta unangoja. Mimi nimekua nikiupanda ukuta huo kabla haujafika kichwani.

Kwetu mtoto wa kike haondoki. Anayeondoka ni wa kiume. Msichana akiolewa mama yake humpa nyumba, au upande wa nyumba, na mume huja na sanduku lake la nguo akaingia humo. Wakiachana hutoka na sanduku lake. Nyumba hubaki na mwanamke hubaki ndani yake. Bibi aliishi hivyo, mama anaishi hivyo. Baba yangu ana mke mwingine bara, upande wa Kililana, ambako analima. Akija huku huleta mahindi na korosho, hukaa kidogo, hurudi. Hajawahi kumwuliza mama kwa nini amehamisha kabati.

Lakini mama mdogo, yaani mdogo wake mama, yalimfika mengine. Baba yao alimpa shamba huko Kililana. Siku watu wa serikali walipopita kuuliza mashamba ni ya nani, yeye alikuwa kisiwani anamwuguza bibi, na aliyekutwa kwenye kibanda cha shamba ni mumewe. Akaulizwa, akasema ni langu. Pengine hakuwa na nia mbaya. Mtu akiulizwa ghafula anakula muhogo wake, hujibu la karibu. Walipoachana, kila alipokwenda kuuliza mama mdogo aliambiwa shamba ni la bwana yule, ndivyo inavyojulikana. Sasa yuko kwetu, analala chumba cha nyuma, na hilo shamba halitaji. Mama ndiye hulitaja. Husema serikali haiulizi kitu ni cha nani, huuliza nani yuko hapa.

Basi mkijua hilo mtamwelewa mama.

Mume wa dada ni mtu wa Mbwajumali. Ni fundi wa mashine za boti, kazi yake iko Faza, hutoka asubuhi na kurudi alasiri akinuka petroli. Hana kelele. Hajawahi kuingia ua wetu bila hodi, na akimkuta mama amekaa ukumbini hupita ameinamisha macho, kama inavyompasa mkwe. Kwa adabu hiyo tu mama alianza kumtilia shaka. Alisema mtu asiye na kasoro mwaka wa kwanza ameziweka mahali.

Kisha shemeji akaanza kutengeneza nyumba. Alianza na kidaraja cha mlangoni, yaani kipandio cha kuingilia, ambacho kilikuwa kimemomonyoka, akakipiga saruji. Mama akasema mgeni hapigi saruji. Halafu akaja na habari ya mabati. Paa la dada lilikuwa la makuti, la mama pia ni la makuti mpaka leo.

"Mama, masika isije ikawanyeshea," alisema, akiwa amesimama nje ya mlango wa ua.

"Makuti yamenifunika tangu nizaliwe," mama akajibu kutoka ndani, "na sijaota uyoga."

Shemeji alicheka. Mabati akayaleta vilevile, yakapigiliwa siku mbili. Mimi na mama tulikuwa tunachambua mchele chini ya kelele zile. Kila msumari ulipoingia mama aliinua kichwa. Mwisho akaniambia nisikilize vizuri, kwa kuwa ndivyo nyumba ya mtu inavyochukuliwa, kutoka juu, huku mwenyewe anashukuru.

Tangu siku hiyo nilipewa kazi ya kumtazama. "Wewe huna maneno," mama aliniambia, "lakini una mato. Mtazame." Nami nikamtazama. Naona aibu kusema niliona nini, maana sikuona kitu. Alikuwa akinawa mikono kwa sabuni ya unga mpaka viwiko. Alikuwa akimletea dada maembe yaliyofungwa kwenye gazeti. Jioni alikaa kwenye kidaraja chake cha saruji akitengeneza redio ya jirani. Nikimweleza mama hayo yeye huuliza, "Na jirani huyo ni nani wake?" Nikawa sasa nawaza juu ya redio.

Hapo ndipo ilipokuja habari ya kuhesabiwa.

Kijiji chetu hakikuwa na naibu wa chifu wake. Tulikuwa chini ya naibu wa kijiji kingine. Ukitaka barua ya cheti cha kuzaliwa, au kijana wako akitaka kuthibitishiwa kwamba ni mtu wa hapa ili apate kitambulisho, unakwenda kwake. Ukifika unaambiwa amekwenda Faza. Ukifika Faza unaambiwa ndio kwanza ametoka. Watu walilalamika miaka mingi. Basi Ijumaa moja baada ya swala naibu huyo akaja mwenyewe, watu wakakusanyika kwenye kivuli cha ukuta wa madrasa, wanawake upande wetu. Akasema serikali inafikiria kutukata, sisi na vitongoji vilivyo jirani, tuwe sablokesheni yetu yenye naibu wake. Lakini lazima kwanza ionekane kwamba kaya zetu ni nyingi za kutosha. Watakuja vijana kuhesabu.

Mtu angedhani tulifurahi. Tulifurahi mpaka tukafika majumbani. Jioni ile kila mlango ulikuwa na maana yake. Nyumba moja walisema wanatafuta vijana wasio na vitambulisho. Nyingine walisema ni mambo ya bandari kubwa ya bara, wanataka kujua watu ni wangapi wakitakiwa kuhamishwa. Jirani yetu wa kike, ambaye huleta habari kabla ya salamu, alisema wanahesabu wake wa pili. Wanaume kadhaa hawakulala vizuri.

Tena kwetu watoto hawahesabiwi. Ukimwuliza mwanamke ana watoto wangapi atakwambia ni hao aliowajaalia Mungu. Ukimbana atapunguza, maana kuna macho yakisikia ni wengi hayawaachi. Kijiji kilitaka kuwa kikubwa, lakini kila nyumba ilitaka kuwa ndogo. Mzee wa nyumba kumi, yule anayeangalia mtaa wetu kwa niaba ya naibu, alipita mlango kwa mlango kutusihi tuseme kweli. Watu wakaanza kujiuliza na yeye anapata nini.

Neno lililomshika mama ni moja. Pale madrasani mtu aliuliza kaya ni nini hasa. Naibu akajibu kwamba kaya si ukuta. Kaya ni watu wanaopika chungu kimoja na wana mkuu wao. Wakikaa nyumba mbili na chungu ni kimoja, hiyo ni kaya moja. Nilimwona mama akilishika neno hilo, midomo yake ikilirudia.

Siku chache baadaye jirani akaja. Alisema amesikia shemeji akimwuliza mzee wa nyumba kumi kama wahesabuji watakuja mchana au jioni, na kama wataandika jina la nani.

"Akaambiwaje?" mama aliuliza.

"Akaambiwa huandikwa bwana wa nyumba. Naye akanyamaza. Akanyamaza hivi," jirani akasema, akatuonyesha, akainamisha kichwa kama mtu anayehesabu vidole vya miguu.

Mama akainuka kuweka birika. Alimkaribisha chai. Jirani alipoondoka mama akaniita mimi na dada, akasema kuanzia kesho kule hakupikwi. Dada aliuliza ni nani asiyepika.

"Wewe. Chungu chako kinakuja hapa. Mafiga yanakuja hapa. Majivu yazolewe."

"Na mume wangu nimwambie nini?"

"Mwambie mama yako anataka mle pamoja naye."

Dada alinitazama mimi, nami nikatazama mkeka. Alielewa, kama nilivyoelewa. Nyumba isiyo na chungu haina kaya, na isiyo na kaya haina mkuu, basi hapatakuwa na pa kuandika jina la mwanamume. Mama aliona ameipita serikali kwa ndia yake yenyewe. Sisi wengine tungewaza kwenda kuuliza, au kusema waziwazi kwamba nyumba ni ya dada. Lakini mama alikuwa na mfano wa mdogo wake chumba cha nyuma, na huko kusema waziwazi hakukusaidia kitu.

Nilihamisha vyombo mimi. Vyungu viwili, sufuria, mbuzi ya kukunia nazi, mafiga matatu yaliyoungua upande mmoja. Majivu niliyazoa na sakafu nikaifagia, hata jiko la makaa nikaliweka chini ya kitanda cha mama. Jiko la dada likawa kama chumba ambacho hakijawahi kuingia mtu. Dada alisimama mlangoni mikono imening'inia, hajui ashike kitu gani.

Shemeji hawezi kula mbele ya mama, ni mkwewe. Kwa hivyo sinia yake nilikuwa naipeleka mimi, naiweka kwenye meza, naondoka. Siku ya kwanza alisema nimshukuru mama, mkono wake umemkumbusha kwao. Nikampa mama salamu hizo. Akauliza huyu anajua nini.

Wahesabuji walifika shemeji yuko Faza kwenye mashine ya mtu. Mama akaona ameondoka makusudi, ingawa huondoka kila siku. Walikuwa wawili, kijana wa kiume na msichana wa buibui, wote wa Lamu mjini, wanachanganya Kiswahili cha shule na maneno ya simu. Msichana alikuwa na simu kubwa aliyoikumbatia kama sinia. Mimi niliingia nyuma ya mlango, lakini niliwaona kwa upenyo.

"Bi Mkubwa, hapa mko kaya ngapi?" kijana aliuliza.

"Moja."

"Na ile nyumba nyingine?"

"Ile ni nyumba."

"Najua ni nyumba, Bi. Nani hupika huko?"

"Nenda kaangalie. Mlango uko wazi."

Akaenda. Akarudi akipangusa mikono. Alimwambia mwenzake kweli, hakuna hata jivu. Msichana akauliza aiweke kwamba haina watu, kijana akasema weka haina kaya, ni mamoja, jua kali. Kisha akamgeukia mama kumwuliza mkuu wa kaya hii ni nani.

"Mimi."

"Hakuna mwanamume?"

"Wapo," mama akasema. "Wanakula."

Msichana alicheka mpaka simu ikamtikisika. Wakatuandika sote chini ya mama, dada na shemeji pamoja, mama mdogo, na mimi. Watoto wa mjomba wanaokaa kwetu, ambao saa hiyo walikuwa madrasani, mama hakuwataja. Mlango wetu ukapigwa alama ya chaki. Mlango wa dada haukupigwa. Mchana ule mama alipika samaki wa nazi, na akaimba kidogo, jambo ambalo sijalisikia tena.

Alasiri shemeji akarudi. Aliona chaki mlangoni kwetu. Akaenda kwake, akatazama juu ya mlango, akatazama pembeni, akapitisha kiganja kwenye ubao. Mimi nilikuwa kwenye mlango wa ua na ukili wangu, namwona.

"Shemeji," akaniita kwa upole, "hawakufika kwetu?"

Nikasema wamefika.

"Wakasemaje?"

Nilimwambia amwulize mama. Hakumwuliza. Alikaa kwenye kidaraja, akavua viatu, akavikung'uta mchanga muda mrefu kuliko mchanga uliokuwamo. Hilo ndilo lililomtia mama wasiwasi zaidi. Mtu mwenye nia safi, alisema, angeuliza. Huyu amemeza. Na mtu akimeza ameweka.

Nilidhani vyungu vitarudi. Mama akakataa. Alisema tungoje kwanza mpaka jambo lipoe. Tukaendelea kula kwa mama, wiki zikapita, na dada akazoea kukaa mlangoni kwake asubuhi akiwa hana la kufanya. Sikuwahi kumsikia akigombana na mumewe. Nilisikiliza, nilishaambiwa nisikilize. Kulikuwa na kimya tu upande ule wa ukuta, na mama akakisoma kile kimya kila siku kwa maana mpya.

Mwisho wa kaskazi tuliitwa tena madrasani. Safari hii alikuja afisa kutoka Faza, mtu wa bara, mpole, amevaa kofia ya jua. Alituambia tumefaulu. Kaya zimetosha, sablokesheni tumepata, na naibu wetu atakuja. Wanawake wakapiga vigelegele, na hata mama akapiga.

Kisha afisa akasema liko jambo moja dogo. Naibu mpya lazima awe na pa kukaa na kupokea watu, na ofisi haitajengwa mara moja. "Nimeambiwa hapa kuna nyumba nzuri ya mawe," alisema, "ina mabati mapya, na kulingana na hesabu yetu haina kaya. Namwomba mwenyewe, kwa hiari yake, awaazime wenzake kwa muda."

Vichwa vyote viligeuka. Sijawahi kutazamwa na watu wengi hivyo, ingawa hawakunitazama mimi, walimtazama mama. Mzee wa nyumba kumi akainuka haraka. Alisema Bi Mkubwa hana kinyongo na mtu, nyumba hiyo ni kama ya kijiji. Jirani yetu akasema iko pazuri, karibu na msikiti na karibu na bandari ndogo. Mwingine akasema ina hewa. Jinsi walivyokuwa wepesi. Nilihisi mama akiwahesabu mmoja mmoja, aliyesema na aliyetikisa kichwa tu, kana kwamba wote walikuwa wameshapanga kabla hatujafika. Mpaka leo anaamini walipanga.

Sote tulijua kuazima kwa muda ni nini. Katika kijiji tunachopita kwenda Faza kuna ghala la wavuvi liliazimwa hivyo, na wavuvi hutengeneza nyavu juani na bendera iko juu ya ghala.

Mama hakuwa na pa kushika. Angesema nyumba inakaliwa, angeulizwa mbona kwa wahesabuji alisema vingine. Angesema aliondoa chungu, angekuwa amewadanganya mbele ya kijiji kizima, na pengine hesabu irudiwe na sablokesheni ipotee kwa ajili yake. Angekataa bila sababu, ni aibu ya milele. Alikuwa ameushika ukingo wa buibui lake akiukunja na kuukunjua. Dada alikuwa kando yangu, machozi yanashuka bila sauti. Nilitaka kusimama. Nilijua la kusema, lilikuwa mdomoni, lakini nilibaki nimekaa.

Nyuma ya wanaume shemeji akainuka. Alikuwa ametoka kazini, shati lina mafuta.

Mama alininong'oneza bila kugeuza uso. "Yeo ndiyo yeo. Sasa atasema ni yake."

Nami niliamini. Kwa kweli niliamini. Maana lilikuwa neno jepesi zaidi kuliko yote, na lingeiokoa nyumba papo hapo. Na baada ya hapo ingekuwa imesemwa mbele ya serikali.

"Bwana afisa," shemeji alisema, "nyumba hiyo si tupu. Mimi nalala humo."

Afisa akamtazama. "Basi wewe ndiye mwenyewe?"

Nilisikia mtu akikohoa.

"La. Ni ya mke wangu. Alipewa na mama yake kabla mimi sijaijua ndia ya kuja hapa. Mimi naingia kwa hodi."

Vijana wakaanza kucheka. Mmoja akasema kwa sauti kwamba fundi ameolewa. Afisa naye, kwa kuwa ni mtu wa bara na kwao ni kinyume, akatabasamu chini ya kofia yake. "Kwa hivyo bwana, wewe ndiye uliyeolewa?"

"Mimi na hawa wanaocheka," shemeji akasema. "Waulize, Bwana. Hakuna hata mmoja aliyelala kwake jana."

Kicheko kikahamia upande wa wanawake. Wazee wengine walitazama viatu vyao. Lakini afisa hakuwa mjinga, alingoja kelele ziishe, akauliza mbona waliohesabu walikuta nyumba haina jiko.

Hapo mama aliacha kulikunja buibui. Shemeji alikuwa anajua. Lazima alijua, mtu haishi wiki zote hizo akiletewa sinia kwa mlango bila kujua. Angeweza kumvua nguo mama mbele ya kijiji kwa neno moja, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Anayepika ni mama," alisema. "Na wewe Bwana ungeonja mkono wake, ungezima jiko lako."

Afisa alicheka mwenyewe. Akasema basi tutafute pengine. Mwalimu wa madrasa akatoa chumba cha kando ambamo huwekwa majamvi, na humo ndimo naibu wetu anamokaa mpaka sasa, majamvi yamesogezwa ukutani. Mzee wa nyumba kumi akamsemea mwalimu maneno mema vilevile alivyotusemea sisi.

Hamkosi kungoja niseme kwamba mama alimshukuru. Hakumshukuru. Tulirudi nyumbani. Asubuhi yake aliamka kabla yetu, nikamkuta uani anabeba figa la kwanza, analipeleka jikoni kwa dada, mgongo umeinama. Nilipotaka kumsaidia alinikataza. Alibeba yote matatu, akaleta na makaa ya moto kwenye kigae, akayapuliza mwenyewe mpaka yakashika. Kisha akatoka, akakaa nami, akasema, "Umeona? Alikuwa na jibu tayari."

Nikasema ndiyo.

"Mtu hawi na jibu tayari ila ameliwaza. Na kama aliliwaza hilo, amewaza na mengine."

Baadaye nilimwendea dada akipika, nikamwuliza kuhusu lile swali ambalo mumewe alimwuliza mzee wa nyumba kumi, la jina. Dada alisema mumewe alitaka jina lake yeye dada ndilo liandikwe, akaambiwa haiwezekani mume akiwapo, ndiyo sababu alinyamaza. Alisema hivyo ndivyo alivyomweleza. Nikamwuliza kama anamwamini.

Dada alionja mchuzi, akaongeza chumvi. "Siku nisiyomwamini nitamwambia aondoke," alisema, "naye hatakuwa na la kujibu. Ameshasema mbele ya watu nyumba ni ya nani. Hata mama hakuwahi kulisema mbele ya watu wengi hivyo."

Nimeliwaza sana jibu hilo. Nadhani mama pia alilifikia kwa njia yake, na ndiyo sababu alibeba moto. Hakuurudisha kwa kuwa amemwamini mkwe. Aliurudisha kwa kuwa maneno yale yalisikiwa na kijiji kizima na afisa, na hayawezi kuzolewa kama majivu. Lakini bado humsikiliza akipita, na shemeji bado hupita ameinamisha macho.

Kwa serikali sisi bado ni kaya moja. Dada alipokwenda kwa naibu mpya kutaka barua aliambiwa alete idhini ya mkuu wa kaya, naye ni mama. Mama aliitoa, lakini alimngojesha mpaka alasiri.

Sasa mama ameanza kupima ua upande wa kisimani kwa ajili yangu. Ameshapata mawe kidogo. Yuko kijana wa kijiji cha pili aliyetuma salamu kwa shangazi yake. Namwona Ijumaa akitoka msikitini. Wiki iliyopita alimbebea mama ndoo ya maji kutoka kisimani bila kuombwa. Kila mtu alisema kijana mwema. Mimi nilimtazama mkono wake kwenye mshikio wa ndoo, nikajiuliza anataka nini. Nikashtuka, maana sauti iliyouliza ndani yangu haikuwa ya mama, ilikuwa yangu. Sijui kama huku ni kukua au ni ugonjwa ambao nimeambukizwa ukumbini.

Kwa hivyo nawaomba mnaosoma mniandikie. Nielezeni huko mliko nyumba huwa ya nani, na nani husemwa kuwa mkuu wake. Na mtu akikutendeeni wema, mnajuaje kama ni wema tu. Barua mpeni huyohuyo aliyewapa karatasi hizi, itanifika. Msiandike jina langu juu yake. Andikeni kwa herufi kubwa zilizoachana, maana hata kusoma nasoma polepole. Nitaijibu kila moja, mkinivumilia nikichelewa.